Puto lilisinyaa, basi? Jibu kwa mama aliyetoka siku ya milango wazi ya idara ya fizikia

SWALI: Shikamoo profesa. Nilimpeleka binti yangu, ambaye yuko sekondari, kwenye siku ya milango wazi ya idara ya fizikia ya chuo kikuu. Walichovya puto kwenye naitrojeni ya kimiminika likasinyaa, wakalitoa likajaa tena. Halafu kisumaku kidogo kikaelea hewani juu ya kidonge cheusi kilichokuwa kinafuka ukungu, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza amejifunza nini. Akasema, "Fizikia ni nzuri," akaishia hapo, na mimi mwenyewe sikuwa na zaidi ya hilo. Naomba uniambie ukweli. Watu wa idara kama ile wanafanya utafiti gani siku za kawaida? Maonyesho yale yanahusiana na kazi yao, au ni tangazo la kuvutia wanafunzi? Na kwa nini mtafiti aache maabara yake aje kutuchezea puto?

JIBU: Marahaba, mama. Maswali yako ni matatu, na la mwisho ndilo zito kuliko yote, ila siwezi kulifikia bila kupitia kwenye lile puto.

Kwanza nikutoe wasiwasi: binti yako hana kosa. Mwaka 2004 Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya kwa wanafunzi wa fizikia. Kuna waliotazama onyesho na kusikiliza maelezo, kuna walioambiwa watabiri kwanza kitakachotokea ndipo watazame, na kuna ambao hawakuonyeshwa kitu. Walipopimwa baadaye, waliotazama tu hawakuwa wameelewa zaidi ya wale ambao hawakuona chochote. Waliotabiri kwanza ndio waliofaidika, na kutabiri kwenyewe kulichukua dakika chache tu. Mwaka 2013 kikundi hicho kiliongeza jambo linalonishangaza zaidi: takriban mara moja katika kila mara tano, mtu aliyetazama onyesho husema ameona kitu tofauti na kilichotokea mbele ya macho yake. Kichwa kikishakuwa na jibu lake, jicho hulifuata. Kwa hiyo kama watu wa idara ile walichovya puto bila kuwauliza kwanza mnadhani litakuwaje, waliwaburudisha vizuri, ila somo lenyewe walilikatiza.

Tulirudie basi, na safari hii puto lisichovywe mpaka tuseme litakuwaje. Ukumbini kulikuwa na jotoridi la nyuzi 20 za Selsiasi hivi, ambazo ni kelvini 293 (kelvini huhesabiwa kuanzia ubaridi wa mwisho kabisa unaowezekana). Naitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, yaani kelvini 77. Gesi ikipozwa huku kanieneo likibaki lilelile, ujazo wake hupungua kwa uwiano uleule wa kelvini. Gawanya 77 kwa 293, unapata robo na kidogo. Puto letu basi linapaswa kubaki na robo hivi ya ujazo wake. Na hapa wengi huteleza, kwa sababu robo ya ujazo haimaanishi robo ya upana. Kitu cha mviringo kikibaki na robo ya ujazo, upana wake unashuka hadi theluthi mbili tu. Kwa hesabu hii mngeona puto dogo kidogo, lakini bado puto.

Mliona nini? Mliona ngozi ya mpira iliyolala bapa, karibu haina kitu ndani. Utabiri wetu umevunjika vibaya, na mtangazaji mwema angesimama hapo hapo, awaache watoto wahangaike nao.

Sababu ni kwamba hesabu yetu ilidhani hewa itaendelea kuwa gesi mpaka mwisho. Oksijeni hugeuka kimiminika ikifika nyuzi 183 chini ya sifuri, kabla hata ya kufikia ubaridi wa kile chombo. Naitrojeni iliyomo ndani ya puto, ikiwa inabanwa na mpira, nayo inaanza kugeuka. Kimiminika hicho kinachukua nafasi ndogo takriban mara 700 kuliko gesi hiyo ilivyokuwa kwenye joto la ukumbi. Mwombe mtangazaji alitoe puto na kuliinua upesi kwenye mwanga, kabla halijajaa tena: utaona majimaji yakichezacheza chini yake. Ni hewa ile ile mtu aliyoipuliza kwa mdomo wake, sasa inamwagika kama maji.

Lakini tunajuaje kwamba sababu ni hiyo? Tutafute gesi ambayo haigeuki kimiminika kwenye ubaridi ule. Ipo: heliamu, ambayo hungoja mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri. Kama maelezo yetu ni sahihi, puto la heliamu likichovywa kwenye chombo kilekile litashuka hadi ile theluthi mbili ya upana na kugoma hapo. Na ndivyo linavyofanya. Kwa dakika kumi, kwa vifaa vilevile mlivyoviona, binti yako angekuwa ametabiri, ameshindwa, ametafuta sababu na ameipima sababu hiyo kwa jaribio la pili. Nakuambia kwa dhati kwamba kazi ya mtafiti wa fizikia, ukiivua makorokoro yake yote, ndiyo hiyo.

Sasa kile kidonge cheusi. Mwaka 1908 Heike Kamerlingh Onnes, katika maabara yake mjini Leiden, Uholanzi, alifaulu kugeuza heliamu kuwa kimiminika, akawa na ubaridi ambao hakuna mwingine duniani aliyekuwa nao. Mwaka 1911 maabara hiyo ikapima ukinzani wa umeme wa zebaki iliyopozwa hivyo, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita. Wanafizikia walibishana ukinzani ungefanya nini: upungue polepole, usimame, au hata upande. Karibu na kelvini 4.2 ukatoweka ghafla. Kwa miaka 75 iliyofuata metali na aloi zenye tabia hii zilihitaji ubaridi wa heliamu au wa karibu na hapo, na heliamu ya kimiminika ni ghali na inasumbua. Kisha mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, karibu na Zurich, wakaikuta tabia hiyo kwenye kitu ambacho wengi wasingekidhania, aina ya kauri yenye shaba na oksijeni. Mwaka uliofuata ikapatikana kauri ya yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni inayopoteza ukinzani kwenye kelvini 93 hivi. Kitu kilichopoteza ukinzani hivyo huisukuma sumaku mbali nacho, na namba hiyo iko juu ya 77. Ndiyo maana mtu anaweza kubeba chupa ya naitrojeni hadi ukumbini na kuelesha sumaku mbele ya watoto.

Na hili ndilo ningependa mngeambiwa kabla ya makofi: mpaka leo hakuna nadharia inayokubaliwa na wote inayoeleza kwa nini kauri zile zinafanya hivyo kwenye jotoridi kubwa kiasi kile. Kwa metali za kawaida maelezo yapo tangu 1957. Kwa kidonge kile cheusi bado tunabishana. Binti yako alikaa hatua chache kutoka kwenye moja ya mafumbo makubwa ya fizikia ya maada, akapiga makofi, akaondoka bila kujua kwamba lilikuwa fumbo. Huenda katika idara ile ile, ghorofa mbili juu, kuna mtu anayelifanyia kazi. Kwa hiyo swali lako la pili jibu lake ni ndiyo, maonyesho yale yanatoka moja kwa moja kwenye utafiti. Ila mara nyingi uhusiano huo hausemwi, na mtazamaji hawezi kuubuni mwenyewe.

Kuhusu siku za kawaida. Idara nyingi za fizikia zina watu wa maada mango, yaani metali, semikondakta na sumaku. Watu wa leza na atomu. Watu wa viini vya atomu na chembe ndogo. Watu wa nyota na galaksi. Na siku hizi wengi wanaotumia fizikia kwenye seli za viumbe, angahewa au mashine za hospitali. Wapo wananadharia, ambao vifaa vyao ni ubao, karatasi na kompyuta. Wengine wanashiriki kwenye majaribio makubwa ya kimataifa: mwaka 2015 makala moja ya kupima masi ya chembe ya Higgs, kutoka CERN, maabara ya chembe ndogo iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilitoka na majina ya waandishi zaidi ya 5,000. Orodha hii utaipata popote, kwa hiyo nisikae hapo. Nikupeleke mahali ambapo wageni hawafiki.

Mfikirie mwanafunzi wa uzamivu anayechunguza uso wa kipande cha metali, atomu kwa atomu. Uso ule lazima ubaki safi, na adui yake ni hewa. Ukiinyonya hewa mpaka kanieneo lipungue mara bilioni moja, bado molekuli zilizobaki zitaufunika uso wote kwa tabaka moja ndani ya sekunde moja au mbili. Akitaka saa mbili au tatu za kufanya kazi, itabidi ashushe kanieneo mara 10,000 zaidi ya hapo. Basi anafunga chemba yake ya chuma cha pua, anaizungushia mikanda ya kupasha joto na kuioka kwa siku kadhaa kwenye nyuzi zaidi ya 100 ili maji yaliyonata ukutani yatoke. Anasubiri ipoe. Anasoma kipimo: namba imegoma kushuka. Kuna mahali panavuja.

Anachukua mrija mwembamba unaotoa heliamu na kuipuliza taratibu kwenye kila kiungo, boliti baada ya boliti, macho yakiwa kwenye mashine inayonusa heliamu ndani ya chemba. Kwenye kiungo kibovu namba inaruka. Anakaza boliti, namba inashuka kidogo kisha inasimama. Anafungua, anabadilisha pete ya shaba, anafunga, anaoka upya, na wiki nzima imekwenda. Akishapata ombwe lake, anapima, na matokeo yakiwa ya kuvutia ndipo shaka inapoanza kumsumbua: je, ni metali ile kweli, au ni uchafu, au ni waya wa kipimo uliokaa vibaya? Muda mwingi wa mtafiti wa majaribio huenda kwenye kujaribu kuyabomoa matokeo yake mwenyewe kabla wenzake hawajayabomoa. Anasaidiwa na mafundi wa karakana, ambao majina yao mara nyingi hayaonekani juu ya makala, na ambao bila wao vifaa vingi visingekuwepo, kwa sababu hakuna anayeviuza. Siku za milango wazi zinaificha sehemu hii yote. Naona ni hasara kubwa, maana hapo ndipo mtu wa nje angeelewa kwa nini neno la mwanafizikia lina uzito pale linapokuwa nalo.

Faida yake? Utaulizwa hilo na majirani, kwa hiyo nikupe mfano mmoja ulionyooka, na unaanzia kwenye onyesho ninalolipenda kuliko yote.

Linaitwa chemba ya wingu. Ni boksi la kioo lenye kitambaa kilicholowa alkoholi juu, na chini sahani nyeusi ya metali iliyokalia barafu kavu (kabonidioksidi iliyoganda) yenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Mvuke wa alkoholi unashuka na kupoa mpaka ungepaswa kuwa matone, ila hauna cha kushikia. Mnazima taa, mnamulika ubavuni kwa tochi, mnasubiri macho yazoee. Halafu unatokea uzi mweupe, mnyoofu, mwembamba, unakaa sekunde moja au mbili na kuzama. Kisha mwingine mfupi na mnene. Kisha mwingine unaopindapinda kama umelewa. Kila uzi ni njia ya chembe moja yenye chaji iliyopita ndani ya boksi na kuzipokonya atomu elektroni zake, na ukungu umekaa juu ya majeraha hayo. Nyuzi nene fupi ni za chembe za alfa, nyingi zikitoka kwenye gesi ya radoni iliyomo hewani humu humu. Zile zinazopindapinda ni elektroni. Kati ya zile ndefu zilizonyooka, nyingi ni muoni, chembe zinazofanana na elektroni ila nzito zaidi, ambazo zimezaliwa kilomita nyingi juu ya vichwa vyetu, pale miale ya kosmiki kutoka anga za mbali inapogonga angahewa. Usawa wa bahari hufika takriban moja kwa kila sentimita ya mraba kwa kila dakika. Tandaza kiganja, na dakika hii zinapita ndani yake kwa makumi.

Muulize binti yako hivi. Muoni iliyotulia huishi kwa wastani sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Hata ikikimbia karibu na kasi ya mwanga, muda huo unaitosha kwenda mita 660 hivi. Imezaliwa kilomita 15 juu. Imefikaje kwenye boksi? Jibu ni nadharia ya uhusianifu ya Einstein: kwetu sisi tuliosimama, saa ya kitu kinachokimbia hivyo huenda polepole, na kwa saa hiyo muoni bado haijamaliza umri wake. Boksi peke yake halithibitishi hilo, inabidi kuhesabu na kulinganisha idadi mlimani na bondeni, na kazi hiyo ilishafanywa. Lakini swali linazaliwa pale pale, kwenye giza, mtoto akitazama ukungu.

Chemba ya wingu ya kwanza ilibuniwa na C.T.R. Wilson, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1927. Mwaka 1928 Paul Dirac alikuwa ameandika mlinganyo wa elektroni ambao uliishia kudai kuwepo kwa pacha wake mwenye chaji chanya, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Mwaka 1932 Carl Anderson akauona uzi wake ndani ya chemba ya wingu, umejipinda upande usiotarajiwa kwenye uga wa sumaku. Pozitroni hiyo leo inafanya kazi hospitalini: mgonjwa anachomwa dawa inayotoa pozitroni, kila moja inakutana na elektroni na zote mbili zinatoweka, miale miwili inaruka pande tofauti, na kutokana na miale hiyo mashine inachora saratani ilipo. Dirac hakuwa anatafuta saratani. Lakini sitaki utetee fizikia kwa hospitali peke yake, maana vikundi vingi vya utafiti havitazaa mashine yoyote na bado vinastahili kuwepo. Kujua jinsi ulimwengu ulivyo ni haja ya binadamu, na binti yako ana haki nayo kama mimi.

Hapo ndipo linakuja swali lako la tatu, kwa nini mtafiti atoke nje. Jambo hili lina historia ndefu. Aprili 1820 Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikitikisika karibu na waya wenye umeme akiwa katikati ya mhadhara, mbele ya wasikilizaji. Mwaka 1825 taasisi ya sayansi ya Royal Institution ya London ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa vijana, na Michael Faraday, ambaye mwaka 1831 angegundua jinsi sumaku inavyozalisha umeme, aliitoa mwenyewe kwa miaka mingi. Mihadhara hiyo inaendelea hadi leo. Watu hawa hawakuona ukuta kati ya kutafiti na kuonyesha.

Mara nyingine umma wenyewe unaingia ndani ya utafiti. Mnamo 2007 mwanafunzi wa uzamivu wa Oxford alikuwa amechoka kuainisha galaksi kwa macho baada ya kupitia 50,000 peke yake, na zilibaki karibu milioni. Yeye na wenzake wakaziweka picha kwenye intaneti na kuomba msaada kwa yeyote, mradi wakauita Galaxy Zoo. Mwaka ule ule Hanny van Arkel, mwalimu wa shule nchini Uholanzi, akaona doa la ajabu chini ya galaksi moja na kuuliza ni nini. Wataalamu hawakuwa na jibu. Baadaye ilibainika kuwa ni wingu kubwa mno la gesi linalong'aa kwa mwanga wa kiini cha galaksi jirani, ambacho chenyewe kimeshafifia. Kompyuta haikuwa imeambiwa itafute kitu kama hicho. Binadamu aliyeangalia kwa makini alikiona.

Lakini sababu iliyo nzito zaidi kwangu ni nyingine. Utafiti wa vyuo kwa sehemu kubwa unaendeshwa kwa fedha za umma, na umma unahitaji uwezo wa kupambanua lini utuamini. Tazama matukio matatu. Tarehe 23 Machi 1989 wanakemia wawili, Martin Fleischmann na Stanley Pons, waliitisha mkutano na waandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Utah wakatangaza kwamba wamepata muungano wa viini vya atomu, ule unaolipa jua nguvu zake, ndani ya chupa ya maabara. Makala yenye vipimo ilikuwa haijatoka. Dunia ilishangilia, maabara nyingi zikajaribu, na ndani ya miezi michache ilikuwa wazi kwamba madai hayasimami. Septemba 2011 kikundi cha OPERA kilitangaza kwamba neutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zilizosafiri kilomita 730 kutoka CERN hadi Italia zimefika mapema kwa nanosekunde 60 (sehemu 60 za bilioni ya sekunde), yaani zimeushinda mwanga. Hawa walisema wazi: tumetafuta kosa tumelikosa, tusaidieni. Mwaka 2012 likapatikana, na kisa kikuu kilikuwa kebo ya nyuzi za kioo ambayo haikuunganishwa vizuri.

Na tukio la tatu. Watu wa LIGO, wanaosaka mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, kwa vifaa vyenye mikono ya kilomita 4, walikuwa na utaratibu wa kuruhusu wachache miongoni mwao kuingiza ishara bandia kwa siri, ili kuona kama wengine watadanganyika. Mwaka 2010 ilipita moja. Walifanya uchambuzi kwa miezi, wakaandika makala kamili, kisha Machi 2011 bahasha yenye siri hiyo ikafunguliwa wakaambiwa ishara ni ya bandia. Hawakuwa wametangaza chochote kwa umma. Kwa hiyo ishara ya kweli ilipofika tarehe 14 Septemba 2015, kutoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyogongana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, walikaa nayo karibu miezi mitano wakiikagua, wakatangaza Februari 2016. Mtu anayeyajua haya ana sababu ya kuwaamini. Mtu aliyeona puto tu hana, na siku atakapotangaziwa mashine ya nishati ya bure atakosa pa kushika. Mtafiti anayetoka maabara kuja kukuonyesha jinsi anavyojitilia shaka anakupa kitu ambacho hakuna mwingine anayeweza kukupa. Ndiyo maana nasema si muda uliopotea, ila akija kuchovya puto na kuondoka, hiyo nafasi ameitupa.

Basi mtakapokwenda tena, muwe wagumu kidogo. Kabla ya kila onyesho binti yako aandike kwenye daftari anachodhani kitatokea, hata kama hakuna aliyemwomba. Baada ya kila onyesho aulize maswali mawili: mnajuaje, na ni kitu gani hapa hamkijui bado. Mwanafizikia yeyote anayejiheshimu atafurahi kuulizwa la pili. Mimi huulizwa mara chache na nalingoja. Ombeni kuona grafu moja halisi ya mwanafunzi wa uzamivu, yenye vistari vya kuonyesha ukubwa wa mashaka kwenye kila nukta, na mwulize kwa nini vistari vingine ni virefu. Ombeni kuona karakana. Mkikataliwa maabara kwa ajili ya usalama, kubalini. Leza na naitrojeni si vya mchezo, na naitrojeni ikifuka kwenye chumba kilichofungwa hufukuza oksijeni bila mtu kunusa chochote.

Umeniambia binti yako alisema fizikia ni nzuri. Usimdharau kwa hilo. Akiendelea, asitishwe na simulizi za vipaji vya kuzaliwa. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa uzamivu huko Cambridge, alikuwa anapitia kwa macho karatasi za grafu za darubini ya redio, mita kwa mita, alipoona mchoro mdogo usiofanana na nyota za kawaida wala na kelele za mitambo ya duniani. Angeweza kuuruka. Aliufuatilia mpaka ukawa ishara inayopiga kila sekunde 1.3, na hivyo zikagunduliwa nyota za pulsa. Tuzo ya Nobel ya 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake na mwenzake mwingine, jambo ambalo wengi tunaliona halikuwa haki. Mwaka 2018 alipopewa tuzo ya dola milioni 3 alizitoa zote ziwasomeshe fizikia wanafunzi wa uzamivu wa makundi ambayo hayapati nafasi.

Kwa sasa kuna mambo mawili anayoweza kuyafanya. La kwanza ni miradi ya aina ya Galaxy Zoo, ambayo imeongezeka na iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Ipo hata ya kuainisha kelele za vifaa vya LIGO. La pili ni madarasa ya kimataifa ya fizikia ya chembe, yaliyoanza mwaka 2005: wanafunzi wanakaa siku nzima chuoni, wanafundishwa asubuhi, wanachambua wenyewe data halisi za CERN, kisha jioni wanalinganisha matokeo kwa video na wenzao wa nchi nyingine. Yamewalenga vijana wa miaka 15 hadi 19. Iandikieni idara mliyoitembelea muwaulize kama wanayaandaa, na kama hawayaandai, waulizeni kikundi chao cha chembe kinaweza kuanza lini.